Njia ya kokoto itakayovuka masika

Wateja wengi wanaonipigia simu huanza na rangi. Wanataka kokoto za kijivu, au nyeupe, au zile za kahawia walizoziona kwenye picha ya nyumba ya mtu. Mimi huwauliza kwanza: mvua ikinyesha, maji ya uwanja wako yanaelekea wapi? Mwenye jibu la swali hilo amekwishamaliza nusu ya kazi. Asiye nalo atamwaga kokoto mwezi Februari, na ikifika Juni atakuwa anazitafuta ndani ya matope.

Kazi yangu ni bustani na viwanja vya nyumba, upande wa Goba, Madale, Mbezi na Bunju, jijini Dar es Salaam. Huku ni miinuko na mabonde, udongo unabadilika toka mtaa hadi mtaa, na watu wengi wamejenga kidogo kidogo kwa jasho lao. Nyumba ikiisha, fedha ya uwanja huwa imebaki ndogo. Ndiyo maana naithamini kokoto. Mtu asiyeweza kumaliza pevingi, zile tofali za zege za kutandaza chini, uwanja mzima anaweza kujenga njia ya gari ya kokoto ikadumu miaka mingi, na siku akipata uwezo wa pevingi, msingi ule wa chini bado utamfaa. Tena uwanja wa kokoto hunywa maji, haumsukumii jirani. Na usiku hakuna mtu anayekanyaga kokoto bila kusikika.

Ila ijengwe. Kumwaga lori la kokoto juu ya udongo na kuzisambaza kwa reki si kujenga njia, ni kuuzika mtaji.

Anza na maji

Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka wakati wa masika, Machi hadi Mei, Aprili ikiongoza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua njia ya gari ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 15, yaani mita za mraba 45. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, jambo ambalo kwetu halishangazi mtu, njia hiyo itapokea lita 2,250. Hayo yanavumilika. Hatari iko juu ya nyumba: paa la mita za mraba 150 siku hiyohiyo linamwaga lita 7,500. Kama halina gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, au gata yake inateremkia kwenye njia, maji yote yale yanapiga mahali pamoja na kuchimba shimo ambalo hakuna kokoto itakayolijaza.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, simama nje mvua ikinyesha, mwavuli mkononi, uangalie. Kama ni kiangazi, soma alama: michirizi kwenye udongo, mchanga uliojikusanya pembeni, mizizi iliyoachwa wazi, mstari wa uchafu chini ya ukuta wa uzio. Maji huandika njia yake mwenyewe. Ukishaijua, amua moja kati ya mawili: ama uipishe, ama uyaelekeze maji kwingine kabla hayajafika. Bomba la gata liunganishe na bomba la PVC la inchi 4 lililofukiwa, lipeleke maji kwenye tangi, kwenye mfereji wa mtaa, au kwenye shimo la mawe. Shimo la mawe ni shimo la kama mita 1 kila upande na kina cha mita 1, lililojazwa mawe makubwa, likae angalau mita 3 kutoka kwenye ukuta wa nyumba. Kwenye udongo wa kichanga linafanya kazi vizuri. Kwenye mfinyanzi usijisumbue, litajaa mvua ya kwanza na kubaki limejaa, na mbu watakushukuru.

Njia yenyewe nayo iwe na mwinamo. Kipimo changu ni sentimita 2 kwa kila mita 1, kuelekea upande mmoja au kwa kuinua mgongo katikati. Njia ya upana wa mita 3 yenye mgongo iwe juu katikati kwa sentimita 3 kuliko kingo zake. Kwa jicho hutaona kitu. Maji yanaona.

Kuhusu viwanja vya mwinuko mkali, na Goba ni vingi, nitasema wazi hata kama ninapoteza kazi: njia ya gari inayopanda zaidi ya sentimita 10 kwa kila mita 1 haifai kokoto za kumwaga. Tairi zitazisukuma chini kila siku na mvua itamalizia. Hapo weka zege au pevingi kwenye sehemu ya mteremko, halafu kokoto zianze pale panaposawazika. Kwa njia ya miguu kuna ufumbuzi mzuri zaidi: jenga ngazi pana na fupi, ukingo wa mbele wa kila ngazi uwe wa tofali, na ndani yake ndimo ziwekwe kokoto. Kila ngazi inakuwa uwanja wake mdogo ulio sawa, na maji hayapati mahali pa kukimbilia.

Udongo ulionao

Chota udongo kwenye kina cha sentimita 20 hivi, ulowanishe kidogo, uuviringishe kati ya viganja uwe kama uzi. Ukivunjika mara moja, una mchanga. Ukikubali kuwa uzi mrefu, mwembamba, unaopindika bila kukatika, huo ni mfinyanzi, na mfinyanzi ukilowa hubeba gari kwa shida sana. Juu ya mfinyanzi ongeza kina cha msingi kwa sentimita 5 hadi 10, na kitambaa cha kutenganisha usikikwepe.

Mchanga nao, ule wa Kigamboni au wa karibu na pwani ya Bunju, una tabia yake. Maji unapitisha vizuri mno, lakini haushikani. Tairi inaukanyaga na wenyewe unakimbia pembeni. Hapo kinachohitajika ni moramu, yaani kifusi cha mawe madogo na unga wake, ya kuubana kwa juu, na kingo imara, na kitambaa pia, kwa sababu bila hicho kokoto zinazama kwenye mchanga taratibu mpaka siku unajiuliza zimeibiwa na nani.

Kitambaa ninachosema ni kile cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo usichanganyike na mawe. Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Wengi huweka nailoni nyeusi, ile inayowekwa chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya nyumba, kwa sababu iko dukani na ni rahisi. Nailoni haipitishi maji. Utakuwa umejenga karai chini ya njia yako. Maji yatakaa humo, msingi utalegea, na kokoto zitaogelea. Kama fedha ya jiotekstaili haipo, bora utumie viroba vya salfeti vilivyofumwa, vile vya sukari au mahindi, uvipasue na kuvitandaza vikipandana kwa sentimita 30. Maji yatapita kwenye mfumo wake. Jua ndilo linaloviua, kwa hiyo vifunike siku hiyohiyo na usiache hata pembe moja ikichungulia.

Mawe ya chini na mawe ya juu

Njia ya kokoto ina mawe ya aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Chini kuna moramu au kifusi chenye mchanganyiko wa vipande vikubwa, vidogo na unga. Mchanganyiko huo ndio unaoshikana ukishindiliwa, kwa kuwa unga unajaza nafasi kati ya vipande. Usikubali moramu iliyojaa udongo mwekundu laini. Ishike, ilowanishe, na kama mkono unabaki na utelezi wa mfinyanzi, irudishe na lori lake. Ukipata mabaki ya kokoto, yale yanayotoka kiwandani yakiwa na vumbi lake, ni bora kuliko moramu, ila bei yake inapanda.

Juu zinakaa kokoto safi zisizo na vumbi. Kwa njia ya gari mimi huchukua za robo tatu, ambazo ni kama milimita 20. Kwa njia ya miguu huchukua za nusu, kama milimita 12. Chini ya hapo kokoto zinanasa kwenye soli na kwenye mikunjo ya tairi, zinaingia ndani ya nyumba na kukwaruza vigae, na paka wa mtaa mzima watapageuza choo chao. Juu ya milimita 25 kutembea kunakuwa kazi, hasa kwa mzee.

Sasa lile linalowaponza wengi: umbo. Nunua kokoto zilizopasuliwa, zenye pembe. Mama mmoja wa Madale alinunua mawe ya mviringo, laini, meupe, yanauzwa kwenye viroba kandokando ya barabara kwa ajili ya mapambo. Yalikuwa mazuri kweli. Gari lilipoingia siku ya kwanza, tairi zilizunguka mahali pamoja na kuyarusha mpaka kwenye kioo cha sebule. Jiwe la mviringo halina pa kumshika mwenzake. Lenye pembe linashikana na la jirani yake, na kadiri unavyolikanyaga ndivyo linavyozidi kukaa. John Loudon McAdam, Mskoti aliyekabidhiwa barabara za Bristol, Uingereza, mwaka 1816, alijenga kwa kanuni hiyo: mawe madogo yaliyovunjwa, juu ya ardhi iliyoondolewa maji, na magurudumu yenyewe yakayakaza. Mama wa Madale tulimhamishia mawe yake kwenye mashina ya miti na kuzunguka bomba la bustani, na huko yanapendeza hadi leo.

Dar es Salaam chaguo la kawaida ni mbili. Kokoto za Lugoba, kule Chalinze njia ya Segera, ni ngumu, za kijivu, na zinastahimili tairi. Kokoto za Kunduchi ni mawe ya chokaa, nyeupe-nyeupe, zilizo karibu zaidi na mjini, na nyingi zimevunjwa kwa nyundo na akina mama na vijana wanaoishi kwa kazi hiyo. Ni laini zaidi. Chini ya gari zinasagika na kutoa unga mweupe unaoganda viatuni masika na kuruka kama vumbi kiangazi. Kwa njia ya miguu bustanini zinafaa kabisa, na ule weupe wake unasaidia usiku. Kwenye njia ya gari mimi huweka za Lugoba, hata kama mteja atalazimika kusubiri mshahara mwingine.

Kitu kimoja sitachukua hata nikipewa bure: mchanga na kokoto zilizochotwa mitoni au ufukweni bila kibali. Pwani ya Kunduchi imeliwa na bahari kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoilisha pwani hiyo ni miongoni mwa sababu zake. Muulize muuzaji mzigo unatoka wapi. Akibabaika, tafuta mwingine.

Hesabu kabla ya simu

Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Njia yetu ya mita 3 kwa 15 yenye msingi wa sentimita 15: 3 × 15 × 0.15 ni mita za ujazo 6.75. Moramu ikishindiliwa inapungua, ongeza robo, agiza mita za ujazo 8.5. Kokoto za juu kwa sentimita 5: 3 × 15 × 0.05 ni 2.25. Ongeza kidogo, agiza 2.5. Mita 1 ya ujazo ya kokoto ina uzito wa kama tani 1.5, kwa hiyo hizo ni karibu tani 4.

Wauzaji watakutajia tani za lori, na hapo ndipo mtu anapopigwa. Lori kuitwa la tani 7 hakuna maana kwamba limebeba tani 7. Mzigo ukifika, kabla haujamwagwa, panda na tepu: pima urefu wa bodi ndani, upana, na kimo cha mzigo baada ya kusawazisha kichuguu cha katikati. Bodi ya mita 3.5 kwa 2 iliyojaa kimo cha sentimita 60 imebeba mita za ujazo 4.2. Dereva atanuna, mwache. Fedha lipa baada ya kupima, wala usilipe yote kwa simu kabla lori halijafika.

Usisahau udongo utakaoutoa. Kuchimba sentimita 20 kwenye mita za mraba 45 kunatoa mita za ujazo 9, na udongo ukilegea unavimba kupita 11. Panga mapema utakwenda wapi. Mimi huupeleka kuinua matuta ya maua au kusawazisha nyuma ya nyumba. Kuutupa kwenye mfereji wa mtaa ni kujiletea mafuriko wewe na majirani zako.

Kuchimba na kupanga

Miezi ninayoipenda ni Juni na Julai. Masika yamekwisha, ardhi bado ina unyevu na sururu inaingia vizuri, na mbele yako kuna miezi ya ukavu ya njia kutulia kabla ya vuli. Januari na Februari pia panafaa, ila ardhi ni ngumu na jua linawamaliza vijana. Waanze saa kumi na mbili asubuhi.

Piga vigingi, funga kamba, halafu tembea ndani ya kamba. Liingize gari, ufungue milango yote. Upana wa mita 3 unatosha gari kupita, lakini mahali pa kushukia abiria panahitaji 3.5. Njia ya miguu ya mtu mmoja ni sentimita 90. Watu wawili wapishane bila kusukumana, weka mita 1.2. Geti angalia linafungukia wapi. La kufunguka ndani litazoa kokoto kila siku, na la kuteleza litajaza reli yake. Kwa sababu hiyo mita 1 ya mwanzo kutoka getini naijenga kwa pevingi au zege. Tairi zinajipangusa hapo, na kokoto zako hazitoki kwenda barabarani.

Kabla ya sururu kushuka, jua kilicho chini. Bomba la maji linalotoka kwenye mita, waya wa umeme wa nje, chemba za maji taka, karo la choo. Mifuniko mingi ya karo ilijengwa kubeba watu, haikujengwa kubeba gari; njia ya gari ikipita juu yake, ama uihamishe njia, ama fundi wa zege aje aimwage upya mifuniko hiyo ikiwa na nondo za kutosha. Chemba zisifukiwe, ziinuliwe zifikie usawa wa kokoto. Bomba la maji linalokatiza chini ya njia lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi. Na kwa kuwa umeshachimba, laza bomba moja tupu la inchi 2 kutoka upande huu hadi ule, uzibe ncha zake. Siku utakapotaka taa za bustani au maji ya kumwagilia upande wa pili, hutabomoa kitu.

Chimba sentimita 20 chini ya usawa unaoutaka kwa njia ya gari, 25 hadi 30 kama ni mfinyanzi, na 13 kwa njia ya miguu. Karibu na nyumba hakikisha uso wa kokoto unabaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, ili maji yanayoruka yasilowanishe ukuta na mchwa wasipate daraja la kupandia. Toa mizizi yote. Ukiona ndago, simamisha kazi. Ndago ina vitunguu vidogo chini ya ardhi, kila kimoja ni mmea, na ncha yake hutoboa kitambaa bila shida. Chimba ufuate vile vitunguu hadi mwisho, uvitoe nje ya kiwanja. Usivichanganye na udongo unaopeleka kwenye matuta. Siku moja ya ziada hapa inaokoa miaka ya kupalilia.

Shindilia sakafu ya shimo, ikiwa na mwinamo uleule utakaokuwa juu. Mafundi wengi husawazisha chini kama meza wakidhani mwinamo utapatikana kwa kokoto. Maji yakishapenya kokoto yatakuta meza na kulala hapo. Mwinamo unaanzia chini.

Moramu ishushwe ndani ya kiwanja, kando ya shimo, kabla hujajenga kingo, maana tipa ikirudi nyuma haitazamii kazi yako.

Kingo

Njia isiyo na kingo inapanuka kila mwezi na kuwa nyembamba kwa kina kila mwezi, mpaka inakwisha. Tumia tofali za saruji zilizolazwa kwa ubavu, au mawe ya ukingo yanayouzwa na watengeneza pevingi. Chimba mtaro mdogo, weka zege ya ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga na 6 za kokoto, kaza tofali juu yake, halafu nyuma ya tofali, upande wa bustani, paka kabari ya zege ifike nusu ya kimo. Kabari hiyo ndiyo inayozuia tofali isisukumwe na tairi. Uso wa ukingo uzidi kokoto kwa sentimita 2 hadi 3. Upande wa chini, ambako maji yanatokea, acha nafasi ya vidole viwili kati ya tofali na tofali kila baada ya mita 1.5, uiwekee kipande cha kitambaa kwa ndani. Lowesha zege asubuhi na jioni, na iache siku tatu kabla ya kuanza kushindilia karibu nayo.

Msingi, kisha kokoto

Tandaza kitambaa, kipandishe kidogo kwenye kingo. Mwaga moramu tabaka la sentimita 8 hivi, isambaze kwa reki, ilowanishe. Kipimo cha maji ni kiganja: ukikamata moramu na kufumbata ibaki umbo la ngumi bila kutoa maji. Kavu haishikani, iliyolowa sana inatitia. Kisha kodi mashine ya kushindilia, ile yenye bamba la chuma linalotikisika, upitishe kutoka kingo kuelekea katikati, mara tatu au nne kila mahali. Ndipo tabaka la pili. Usijaze sentimita 15 zote mara moja: mashine itakaza juu na kuacha chini kukiwa kumelegea, na utalijua hilo masika tairi zitakapochora mifereji.

Kwa njia ya miguu huhitaji kukodi mashine. Jaza zege kwenye kopo la rangi la lita 4, simika bomba la chuma katikati, liache liive; hilo linatosha kushindilia sentimita 10 za moramu kwa mkono.

Utajuaje kama umefika? Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, alama isionekane. Piga ncha ya nondo, irudi juu bila kuzama. Kama ni njia ya gari, pitisha gari lenye watu taratibu, kisha chuchumaa uangalie kwa ubavu. Alama ya tairi ikionekana, lowesha na rudia. Mahali gari linapokata kona panahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa pale tairi inasaga badala ya kupita. Hapo mimi huongeza sentimita 5 za msingi tangu kwenye uchimbaji. Mteja akiniuliza kazi itaisha lini, jibu langu liko hapa: msingi ukikataa alama, tunaendelea. Ukikubali, tunabaki.

Kokoto za juu zioshwe kama zina vumbi, au zimwagiwe maji zikiwa bado kwenye lundo. Mwaga nusu, sambaza, pitisha mashine mara moja ili zijikite kwenye moramu. Halafu mwaga zilizobaki. Kina kisizidi sentimita 5 kwa gari, 3 kwa miguu. Wateja wengi hutaka nene wakiamini ndiyo imara. Kokoto za sentimita 10 zinameza tairi, zinamchosha anayetembea, na toroli haliendi.

Kama nyumbani kuna mtu wa magongo, kiti cha magurudumu au mtoto anayejifunza kutembea, usiweke kabisa kokoto huru kwenye njia kuu ya miguu. Tandaza vumbi la kokoto la sentimita 4 juu ya msingi, lowesha, shindilia mpaka liwe gumu kama sakafu. Lina mwonekano wake mzuri wa kijivu, na mguu wa mzee unatua bila wasiwasi. Kokoto ziweke pembeni kama mpaka.

Baada ya hapo

Wiki za mwanzo usilipitishe gari kwenye mstari uleule. Sogeza leo huku, kesho kule, tairi zikusaidie kukaza kote. Baada ya mvua kubwa ya kwanza tembea njia nzima: panapotuama maji pawekee alama, pakikauka ondoa kokoto, ongeza moramu, shindilia, rudisha kokoto. Kuongeza kokoto juu ya dimbwi hakuondoi dimbwi.

Majani ya mwarobaini na mwembe yafagie kila wiki kwa fagio la chelewa, kwa sababu yakioza yanakuwa udongo, na udongo ndio unaootesha magugu juu ya kitambaa chako. Yakichipua, ng'oa baada ya mvua wakati mizizi inateleza. Reki pitisha mara moja kwa mwezi, ukivuta kokoto kutoka kingoni kurudi kwenye mikondo ya tairi.

Baada ya miaka miwili au mitatu njia ya gari itahitaji kuongezewa kokoto kidogo. Kwa ajili ya siku hiyo, wakati wa kuagiza mzigo wa kwanza, ongeza toroli tano au sita, uzihifadhi nyuma ya nyumba ndani ya viroba. Mzigo wa mwaka mwingine unaweza kutoka kwenye mwamba mwingine kabisa, na kiraka cha rangi tofauti mbele ya mlango kitaonekana kila utakapotoka.